Nilimhukumu Mpwa Wangu Kabla ya Kutazama Taa

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako mna ruta ya laini, kile kisanduku kinachogawa intaneti kwa simu zote za nyumba, huenda yaliyotupata sisi Kyela yamekwisha kukupata nawe. Kama bado, nakuomba unisikilize, usije nawe ukalazimika kumwomba radhi mtoto kama nilivyolazimika mimi.

Nilikuwa likizoni. Baba alikuwa amelazwa Mbeya, safari ya kupanda milima kupitia Tukuyu, na mama hakuweza kuifanya kila siku. Kwa hiyo kila jioni, saa moja, tuliketi sebuleni tukampigia simu ya video, ili mama amwone uso na kumwuliza kama amekula. Lakini kila ilipofika dakika ya tatu au ya nne, picha iliganda na sauti ikakatika, mama akabaki ameshika simu akimwita mumewe asiyejibu. Mke wa mgonjwa, ndugu msomaji, hafikirii habari za mitambo saa kama hiyo. Hufikiri mauti.

Wakati huo huo mpwa wangu wa kidato cha nne alikuwa chumbani akipakua masomo ya video ya hesabu na fizikia. Nilipomzuia, simu ilikwenda vizuri. Kesho yake nilipomruhusu, ikakatika. Nikaona ushahidi umetimia. Nilimwambia mbele ya bibi yake kwamba anathamini video zake kuliko uhai wa babu yake. Kijana aliinamisha kichwa. Kwa siku mbili hakula pamoja nasi.

Siku ya tatu alinifuata uani chini ya mikakao. "Shikamoo, mjomba. Naomba leo uniruhusu nipakue, lakini wewe usitazame simu. Kaa uitazame ruta."

Nilikaa. Baada ya dakika chache taa zote za ruta zilizimika, kisha zikaanza kuwaka upya, moja baada ya nyingine. Kumbe kisanduku chenyewe kilikuwa kikizimika na kujiwasha tena!

Hapo ndipo lilipo somo la kwanza: kabla ya kumlaumu mtu, tazama taa. Zikizimika zote, ugonjwa umo ndani ya nyumba, nao aghalabu ni umeme au joto. Taa ya mawimbi peke yake ikibadilika, shuku mnara au mahali ulipoiweka ruta. Na ikiwa majirani wote wamekatikiwa pamoja nawe, kosa liko mbali. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi yetu ikaathirika. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika hata mpakani Kasumulu, lakini nyumba kama yetu bado hupokea intaneti kwa njia ya hewa kutoka mnarani.

Tulikubaliana kujaribu jambo moja moja, ili tujue lipi limetibu. Kyela ni bonde lenye joto, na mama alikuwa ameipamba ruta kwa kitambaa cha kufuma, kama ilivyo desturi ya sebule zetu. Tulikiondoa. Ruta ilidumu zaidi, lakini ikazimika. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini si nguo ile tu.

Kisha kijana akageuza ruta na kusoma maandishi ya chini: volti 12, ampea 1. Chaja ya awali ilikuwa imeungua wakati wa mvua, nasi tukanunua nyingine kwa sababu tu pini yake iliingia. Hiyo iliandikwa volti 12, ampea 0.5. Ruta ikipumzika, umeme huo uliitosha. Ilipofanya kazi nzito ya kupakua, ilihitaji zaidi, chaja ikashindwa, volti zikashuka, nayo ikazimika. Ukinunua chaja, volti ziwe zile zile, na ampea zisipungue. Tulipoweka inayofaa, taa hazikuzimika tena.

Hata hivyo, sauti ya baba iliendelea kukwama kijana alipopakua. Huo ulikuwa ugonjwa wa pili, ugonjwa wa foleni. Fikiria mashine ya kukobolea mpunga. Mtu mmoja amepanga magunia 40, nawe umekuja nyuma yake na debe moja. Debe lako ni dogo, lakini litangoja magunia yote. Faili kubwa ndilo magunia, na sauti ya simu ndiyo debe. Mwaka 2010 mtaalamu wa Marekani, Jim Gettys, aliuchunguza ugonjwa huu baada ya kuuona nyumbani kwake mwenyewe, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatangaza njia ya kuizuia foleni isirefuke. Ruta yetu haikuwa na njia hiyo, lakini katika mipangilio yake mlikuwa na nafasi ya kuweka kikomo cha kasi kwa kila simu. Tulipima kasi ya saa ile ya jioni, tukaipa simu ya kijana nusu yake. Mafaili makubwa akayaacha yashuke usiku, baada ya saa nne.

Jioni ile mama alizungumza na baba dakika 20, huku masomo yakishuka polepole chumbani. Baba aliuliza habari za mpunga, kisha akauliza, "Na yule kijana, bado anasoma?"

Nilimwita mpwa wangu sebuleni, pale pale nilipomfedhehesha, nikamwomba radhi babu na bibi yake wakisikia. Haikuwa rahisi kwa mtu wa umri wangu. Alipakua, ndiyo, na simu ilikatika, ndiyo; lakini kosa lilikuwa la chaja tuliyoinunua sisi wakubwa. Kijana alinijibu, "Yamekwisha, mjomba," kisha akaketi karibu na bibi yake ili naye amwone babu.