Bei ya Gari la Waya

Ninyi watoto wa Hewa Bora mnalijua gari la waya kuliko mimi. Ninyi ndio mnaolisukuma njiani kwa usukani mrefu, mkipiga honi kwa midomo, na vumbi la kiangazi likiwafuata. (Jina la mtaa wetu ni zuri, lakini vumbi halijui kusoma.) Mnajua kwamba waya hutolewa katika tairi lililochomwa, na magurudumu hukatwa katika sandali kuukuu. Lakini je, bei yake mnaijua?

Kila mwaka kabla ya Noeli mimi hununua vitu vya kuchezea kwa ajili ya wadogo wa darasa la kwanza. Katika masoko ya Lubumbashi yako magari ya plastiki kutoka Uchina, ya rangi nyingi na bei ndogo. Mwenye kuyauza hawezi kuniambia ni nani aliyeyatengeneza, wala alilipwa nini. Fundi wa waya anakaa karibu na masomo yetu. Yeye naweza kumwuliza.

Basi nikamwuliza. Ni mtu mzima, mwenye watoto wanne. Akataja bei ndogo sana, kama mtu anayeogopa mnunuzi asikimbie. Nikamwambia, "Baba, tuhesabu kwanza." Tukahesabu waya, rangi, sandali, na siku moja na nusu ya kukunja kwa koleo. Kumbe, bei aliyoitaja ililipa vifaa tu. Mikono yake haikupata kitu! Tukapatana bei nyingine, na nusu yake nikampa papo hapo, ili anunue vifaa bila kukopa. Desturi hiyo ya kutanguliza nusu sikuibuni mimi. Ni ya watu wa biashara ya haki, ambao chama chao cha dunia kilianzishwa mwaka 1989, nacho kina kanuni 10.

Aliniletea pia gari moja la waya ya shaba, likimetameta. Zuri kabisa! Lakini hapa Katanga nyaya za umeme huibwa kwa ajili ya shaba, na mtaa mzima hulala gizani. Nikauliza shaba ile ilitoka wapi. Akanionyesha mota iliyoungua, aliyoifungua mwenyewe. Nikalichukua.

Habari ikaenea. Siku ya tatu, saa ya hesabu, akaja mvulana wa darasa la tano na magari mawili kwapani.

"Furere, nunua yangu. Yanakimbia kuliko ya yule mzee."

Ni kweli, yalikimbia. Nikakataa, nikamwambia arudi darasani.

"Mbona feza ya mtu mukubwa ni ya haki, na yangu hapana? Mama anauza makaa, naye anangoja."

Swali hilo si jepesi. Zile kanuni 10 hazimkatazi mtoto kujifunza ufundi. Zinakataza kazi inayomnyima masomo, usalama na michezo. Nayo sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 inamlinda mtoto asitumikishwe. Huko Kolwezi watoto wamechimba kobalti, ambayo huingia katika betri za simu, na wengi walikwenda kwa sababu ileile: nyumbani feza haikutosha. Mtoto akikosa hesabu leo kwa ajili ya gari moja, kesho atakosa kwa ajili ya mawili.

Jioni nikaenda kwa mama yake, pamoja na fundi. Tukakubaliana kwamba kijana atakwenda kwa fundi Jumamosi alasiri tu, ajifunze, na kila gurudumu atakalokata alipwe. Mama alikubali, lakini hakufurahi sana. Jumamosi ni moja, naye hupika siku saba.

Mpaka leo magari saba yamekwisha. La nane ni lori la magurudumu sita, ambalo mvulana amelichora mwenyewe katika daftari lake la hesabu. Fundi asema lataka siku tatu, na bei yake bado hatujapatana.