Tairi kubwa haikupandishi mlima: Safari ya Vitz kutoka Gerezani hadi Iringa

Ni saa 2:30 asubuhi ya Jumamosi na Gerezani imeshachangamka. Upande huu wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mwenye gari haulizi kama kipuri kipo. Anauliza kipo duka gani. Tairi zimepangwa nje hadi barabarani, mpya zikiwa bado na karatasi zake za rangi, za mtumba zikiwa zimepakwa dawa nyeusi ili zing'ae.

Mama mmoja wa watoto wawili, muuguzi anayeishi Kimara, ameegesha Toyota Vitz yake mbele ya duka. Shule zimefungwa, na Jumatatu anawapeleka watoto kwa bibi yao Iringa. Tairi mbili za mbele zimekuwa vipara, za nyuma zina nyufa ubavuni. Anataka nne.

Ana na kero nyingine ya muda mrefu: gari linakwangua chini. Kila tuta la mtaani kwao linalipigia kelele.

"Dada, dawa yake ni tairi kubwa," kijana wa dukani anamwambia. "Nikuwekee 185/70, gari inanyanyuka, unapita popote."

"Ndiyo saizi ya gari hii?"

"Rimu yako ni 14, tairi ni 14. Inaingia."

Wazazi wengi huishia kwenye neno hilo, "inaingia". Wanalipa, wanaondoka.

Namba tatu, si moja

Anayesimamisha biashara ni mzee anayefunga tairi nje ya duka. Anafungua mlango wa dereva na kuonyesha stika iliyobandikwa kwenye nguzo. Maandishi yake ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: 165/70R14. Kando yake kuna kiasi cha upepo kwa kPa. Kwa anayezoea vipimo vya gereji zetu, kPa 220 ni sawa na PSI 32 hivi.

"Mama, kijana ametazama 14 peke yake," anasema. "Mimi natazama zote tatu."

Anafafanua. Namba 165 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 70 si milimita, ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 70 ya ule upana, yaani milimita 115.5. Namba 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kisha anachana kipande cha boksi na kupiga hesabu kwa kalamu ya wino. Rimu ya inchi 14 ni milimita 355.6. Ongeza ubavu wa juu na wa chini, unapata tairi yenye kimo cha milimita 587 hivi. Ile ya 185/70R14 inafika karibu 615. Tofauti ni milimita 28.

"Umeona? Hapo unadhani gari linanyanyuka milimita 28. Hapana. Nusu inakwenda chini, nusu inakwenda juu kwenye madigadi. Unachopata wewe ni milimita 14."

Anamwonyesha kidole gumba chake. Milimita 14 haifiki upana wake.

Mama bado hajaridhika, kwa sababu matuta ya Kimara anayapita yeye, si fundi. Mzee habishani naye. Anafunga tairi moja kubwa mbele, anateremsha jeki, anawaomba mama, watoto na vijana wawili wa dukani waingie garini, kisha anamwambia akate usukani hadi mwisho na kurudi nyuma taratibu.

Mtoto mkubwa, msichana wa darasa la tano, ndiye anayesema kwanza: "Mama, kuna kitu kinakwaruza."

Ni tairi inagusa madigadi. Gari likiwa tupu isingegusa, na gari hujaribiwa likiwa tupu. Lakini safari ya familia haiendi tupu.

Ikikosekana saizi yako

Tatizo halijaisha, maana dukani zimebaki 165/70R14 mbili tu. Kijana anashauri mbili hizo ziende mbele na kubwa mbili ziende nyuma. Mzee anakataa. Tairi nne zikifanana, gari hushika barabara kwa namna moja, hasa kwenye maji.

Anachagua 175/65R14 na kurudi kwenye boksi lake. Ni pana zaidi kwa milimita 10, lakini ubavu wake ni mfupi kidogo, kwa hiyo kimo chake ni milimita 583. Tofauti na ya kiwandani haifiki milimita 4, chini ya asilimia moja, na inakaa kwenye rimu ileile. Hiyo ndiyo maana ya kubadilisha saizi kwa akili: upana ukiongezeka, asilimia ya ubavu inapungua, na kimo kinabaki palepale.

Halafu anaonyesha namba ndogo inayofuata saizi, ambayo wanunuzi wengi huiruka. Tairi ya zamani imeandikwa 81, maana yake kila moja inaruhusiwa kubeba kilo 462. Mpya ina 82, yaani kilo 475. "Hiyo ikipanda sawa. Ikishuka chini ya uliyoikuta, usinunue, hata kama bei inacheka."

Kijana anajaribu mara ya mwisho kwa seti ya mtumba ya bei nafuu, yenye kashata nzuri kwa macho. Mama, sasa mwanafunzi mzuri, anainama kutafuta tarakimu nne zilizo mwishoni mwa herufi za DOT. Anasoma 1115. Wiki ya 11, mwaka 2015. Anairudisha kwenye rundo bila kuuliza bei.

Kabla hajaondoka, mzee anabonyeza gari kwa nyuma mara mbili na kutikisa kichwa. Springi zimechoka. "Gari likikaa chini kuliko lilivyozaliwa, iulize springi. Usiiulize tairi."

Barabara ya Morogoro

Jumatatu saa 11:30 alfajiri Vitz inaiacha Kimara. Dar hadi Iringa ni takriban kilomita 500, na mama amepima upepo kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi, kama alivyoelekezwa. Tairi ikitembea hupata joto na upepo hupanda. Ukiupunguza njiani, itakapopoa itakuwa na upepo pungufu.

Kibaha, Mlandizi, Chalinze. Kila penye makazi kuna kibao cha 50, na mara nyingi baada ya kibao kuna tochi. Faini ni Sh30,000. Kwa ile tairi ya 185/70, mshale ukisoma 50 gari lingekuwa likienda karibu kilomita mbili na nusu zaidi ya ambavyo lingekwenda kwa tairi yake halisi. Ukisoma 80, zaidi ya hapo kwa karibu kilomita nne. Spidimita nyingi hutengenezwa zisome juu kidogo ya mwendo halisi. Tairi kubwa hula akiba hiyo bila dereva kujua.

Faini ndilo jambo dogo. Nguvu ya kugonga huongezeka kwa kasi zaidi kuliko mwendo: mwendo ukiongezeka kwa asilimia 5, nguvu inaongezeka kwa takriban asilimia 10. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Muuguzi huyu hahitaji kuambiwa. Watoto wake wawili wamekaa nyuma, kila mmoja na mkanda wake, na mdogo anakalia kiti cha mtoto alichokilalamikia tangu Kimara.

Baada ya Morogoro, barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Vibao vinaonyesha faini ya kumgonga kila mnyama. Swala wamejaa pembeni. Mmoja anaamua kuvuka bila kushauriana na wenzake. Mama anakanyaga breki, gari linasimama limenyooka, mabegi yanasukumana. Mdogo anacheka. Mkubwa anauliza swala ana faini ya shilingi ngapi.

Kitonga

Ruaha Mbuyuni, kati ya mibuyu na mafungu ya vitunguu, gari linaongezewa mzigo: nusu gunia la vitunguu vya bibi. Nyuma inashuka zaidi. Kisha inaanza Kitonga.

Anayeijua Kitonga anajua kwamba hapo gari dogo hujieleza. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni bonde, na mbele ni lori linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kona zinafuatana. Injini ya lita moja inalia kwa gia ndogo, na kila kilo iliyoongezwa kwenye magurudumu ingekuwa kilo ya kuzungushwa kupandia mlima na kuzuiwa kwa breki siku ya kushuka.

"Nyamazeni kidogo," mama anawaambia watoto.

Wananyamaza. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Msichana ameegemea dirisha, anasikiliza ule mkwaruzo wa Gerezani. Zinasikika injini tu na breki za malori.

"Haikwaruzi, Mama."

Ilula wananunua nyanya. Saa 9 alasiri wako Iringa, na baridi imewapokea wakiwa bado na nguo za Dar.

Njia ya kwenda kwa bibi ni ya udongo, na karibu na geti kuna jiwe ambalo halijawahi kuhamishwa. Vitz inalikwangua, kama inavyokwangua kila tuta la Kimara. Mama anasimama, anawashusha watoto na vitunguu, anarudi nyuma, anapita upya taratibu likiwa tupu. Linapita. Springi zitasubiri mshahara wa mwezi ujao. Alichokubali Gerezani ni kwamba kero hiyo isingeondolewa na tairi kubwa. Angeibeba pamoja na nyingine mpya, huku watoto wakiwa kiti cha nyuma.

Jioni, wakati wa kushusha mabegi, mtoto mdogo anafunua zulia la buti na kukuta tairi ya akiba, nyembamba kama ya pikipiki.

"Mama, hii namba zake si kama za zile."

Mama anainama na tochi ya simu. Ni tairi ya dharura, yenye onyo la kutozidi kilomita 80 kwa saa, na upepo wake ni kPa 420, yaani PSI 60 hivi. Anaibonyeza kwa kidole gumba. Inabonyea.

Imetembea kilomita 500 bila upepo.

"Kesho asubuhi," anamwambia bibi, "kabla ya chai, nielekezeni fundi wa tairi."