Nyuma ya Milima ya Mbizi

Nalizaliwa katika kijiji cha nyanda za juu za Ufipa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mji wa Sumbawanga. Nchi yetu ni nchi ya upepo na majani, nayo imeinuka sana, hata mwezi wa Juni na wa Julai watoto hujikunyata jikoni mpaka jua lipande. Upande wa magharibi nchi hushuka mpaka Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki imesimama milima ya Mbizi, na huko ukuta mrefu uitwao Lyamba lya Mfipa huanguka mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Basi mtoto akaaye kati ya maziwa mawili asiyoyaona, moyo wake hautulii.

Mimi nalikuwa mtoto wa maswali. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyenilea, naye hakujua lugha ila Kifipa. Tulipokuwa tukipalilia ulezi nalimwuliza, “Bibi, nyuma ya milima ile kuna nini?” Akanijibu, “Kuna ziwa.” Nikauliza, “Na nyuma ya ziwa?” Akasema, “Kuna watu kama sisi.” Nikauliza tena, “Na nyuma yao?” Hapo alicheka, akaniambia, “Palilia kwanza mstari huu, mjukuu wangu. Watu wale hawatakimbia.”

Mjomba wangu alikuwa akichuuza samaki wakavu kutoka Kasanga, naye alitupa habari za meli iitwayo Liemba. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma, ikaungwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isianguke mikononi mwa adui zao. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa. Na mwaka 1927 ikaanza tena safari zake kwa jina la Liemba. Niliposikia hayo nalistaajabu sana. Kumbe ulimwengu mpana ulikuwa umekwisha kufika kwetu. Mimi tu ndiye niliyekuwa sijaondoka kwenda kuurudishia ziara.

Hata mwaka 2002 nikachaguliwa kwenda shule ya sekondari upande wa Mbeya. Baba yangu hakupenda. Alisema, “Mtoto aendaye mbali hurudi mgeni.” Alikaa siku tatu bila kutoa neno la ruhusa. Siku ya nne bibi alitoka chumbani mwake na fedha alizozipata kwa kuuza kuku zake wote, akaziweka mbele ya baba, akasema, “Huyu ameniuliza habari za nyuma ya milima tangu ajue kusema. Mwache aende akaone, kisha arudi aniambie.” Baba akainama, akakubali. Nami nikapanda lori la mahindi kwa njia ya Tunduma, ambayo wakati ule ilikuwa barabara ya udongo.

Huko shuleni tulikutana wasichana wa makabila mengi. Walinicheka kwa matamshi yangu, wakayaigiza maneno yangu jioni bwenini. Basi nikaanza kuionea haya lugha ya nyumbani. Nalijifunza Kiswahili kizuri na Kiingereza, na mtu akiniuliza kama najua Kifipa nalimjibu, “Kidogo tu.” Jibu hilo lilikuwa uongo.

Likizo ya kwanza ilipofika nikarudi nyumbani. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alinishika mikono, akanisalimu kwa Kifipa, akaniuliza, “Je, umeona nini huko?” Nami, kwa kiburi, na kwa kuwa wenzangu wawili wa shule walikuwapo, nikamjibu kwa Kiswahili. Alinisikiliza kimya kama asikilizaye mvua. Nilipokwisha aliniachia mikono, akamwambia baba kwa sauti ndogo, “Mwambie mgeni aingie ndani, kuna baridi.” Neno lile lilinichoma kuliko fimbo, lakini sikuomba radhi, nikarudi shuleni nikiwa na deni moyoni.

Mwaka uliofuata, mwalimu wetu wa historia alitusimulia habari za msichana mmoja wa Kiyahudi. Jina lake Stefanie Zweig. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1932, katika mji wa Leobschütz, mji ambao siku hizi umo katika nchi ya Poland. Baba yake alikuwa mwanasheria. Mwaka 1933 Hitler alishika utawala, naye akawachukia Wayahudi, akawaondoa katika kazi zao, wasipewe haki kama raia wengine. Baba yake Stefanie akanyimwa kazi yake ya sheria. Alipoona hatari inakuja alikimbilia Kenya mwaka 1938, na mkewe na mtoto wakamfuata mwaka ule ule. Mwezi wa Novemba, mwaka huo wa 1938, masinagogi ya Ujerumani yalichomwa moto. Baadaye, wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1939, Wayahudi wapata milioni sita wa Ulaya waliuawa. Wale waliotangulia kuondoka waliponya roho zao, wakalia kwa ajili ya wale waliobaki.

Huko Kenya, baba aliyezoea vitabu vya sheria akawa msimamizi wa shamba. Wazazi waliisikitikia nchi waliyoiacha, lakini mtoto hakuwa hivyo. Yeye alitaka kujua kila kitu: majina ya miti, ya ndege, na ya watu. Alipelekwa shule ya Waingereza akajifunza Kiingereza. Na shambani alijifunza Kiswahili kwa watu waliokaa naye. Katika kitabu alichokiandika alipokuwa mtu mzima, yumo mpishi aitwaye Owuor, ambaye msichana wa hadithi humpenda kama ndugu. Vita vilipoanza, Waingereza waliwazuia hata wakimbizi hao kwa muda, kwa sababu walikuwa watu wa Ujerumani. Na baadaye baba yake akaingia katika jeshi la Waingereza.

Mwaka 1947 baba aliamua kurudi Ujerumani, akapewa kazi ya hakimu katika mji wa Frankfurt. Stefanie alikuwa hajatimiza miaka kumi na mitano. Aliteremka katika nchi aliyozaliwa, naye ilimpasa ajifunze upya lugha aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Alikuwa amekwisha kuwa mgeni kwao. Lakini hakuionea haya lugha yoyote aliyokuwa nayo. Alikirudia Kijerumani hata akawa mwandishi wa gazeti, wala hakuutupa utoto wake wa Kenya: mwaka 1995 alitoa kitabu kiitwacho Nirgendwo in Afrika, nacho kina maneno ya Kiswahili ndani yake. Kikatengenezwa sinema, nayo mwaka 2003 ikapata tuzo ya Oscar huko Marekani. Nami baadaye nalisikia kwamba alikufa Frankfurt mwaka 2014.

Mwalimu alipomaliza, wenzangu waliuliza juu ya sinema. Mimi nalikaa kimya. Nalijiambia, “Tazama. Huyu alinyang'anywa kwao kwa nguvu, akairudia lugha yake kwa taabu. Mimi sikunyang'anywa na mtu. Nimeitupa mwenyewe ili nisichekwe bwenini.”

Likizo ilipofika sikungoja wenzangu. Njia nzima nalihofu jambo moja: nisije nikafika nikaambiwa, “Umechelewa.” Nalimkuta bibi hai, lakini macho yake yalikuwa yamefungika kabisa. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba radhi kwa Kifipa. Maneno yalikuwa yakinikwama, hata moja nikalitamka vibaya. Akanisahihisha pale pale, kama alivyokuwa akinisahihisha shambani nilipong'oa ulezi nikaacha magugu. Kisha akanipapasa uso, akasema, “Sasa amerudi yule niliyeuza kuku kwa ajili yake.”

Jioni ile, kando ya moto, nikamhadithia habari za Stefanie. Palipokosekana neno, yeye alinipa. Alinieleza pia mambo ambayo sikuwa nimemwuliza kamwe, kwa kuwa nalitazama mbali siku zote: namna wazee wetu walivyojenga malungu, tanuu ndefu za udongo, wakayeyusha mawe wakapata chuma cha majembe. Nami nalikuwa nimepita karibu na mabaki ya malungu hayo tangu utoto, nikiyadhani vichuguu.

Nilipomaliza habari yangu bibi alinyamaza kidogo, akauliza, “Na msichana huyo, alipolala usiku, aliota kwa lugha gani?” Nikamjibu, “Bibi, nadhani aliota kwa zote.” Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, “Basi hakupotea.”

Wanafunzi wapenzi, ulizeni yaliyo nyuma ya milima yenu, na mkipata njia, nendeni mkaone. Lakini mtakaporudi, yule aliyewapalilia njia awasikie mkimweleza kwa lugha anayoijua. Bibi yangu alitutoka mwaka uliofuata. Namshukuru Mungu kwamba deni lake nalikuwa nimekwisha kumlipa.