Korea ya Kusini: Kitunguu cha majani kinapopima mfuko wa mama

Katika jikoni za Korea ya Kusini, kitunguu cha majani si cha kupamba sahani tu. Wakaaji wa kule wanakiita "pa", na ni chache siku zinazopita bila kisu kukikata. Kile kinene na kirefu ni daepa, kinauzwa kwa kifungu. Kile chembamba ni jjokpa, kinatiwa pilipili na kuwa kimchi.

Mama anayejua kununua anatazama kwanza sehemu nyeupe: iwe ndefu na ngumu. Majani nayo yasiwe yamelegea. Nyumbani hatupi kitu. Nyeupe inakaangwa polepole katika mafuta mpaka inukie, kisha mayai au wali vinafuata. Kijani kinanyunyizwa juu ya supu dakika ya mwisho. Hata mizizi, ikioshwa vizuri, inachemshwa pamoja na samaki wadogo wakavu ili kupata mchuzi. Siku ya mvua wengi wanapika pajeon: unga, maji na vitunguu vya majani, vyote vikikaangwa kama chapati nzito.

Kwa kuwa kinaingia karibu kila chungu, bei yake ikipanda kila nyumba inasikia. Mwanzoni mwa mwaka 2021 bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Watu wa mijini wakaanza kuchomeka mizizi katika vyungu na chupa zilizokatwa, wakaziweka dirishani. Baada ya siku chache majani yakarudi. Wengine waliita kazi hiyo "patech", kwa mzaha, kana kwamba ni njia ya kukuza mali.

Mwezi wa 3 mwaka 2024, Raisi Yoon Suk Yeol alitembelea duka kubwa mjini Seoul. Alionyeshwa kifungu cha won 875, akasema ni bei ya kufaa. Lakini bei hiyo ilikuwa imeshushwa kwa msaada wa serikali na punguzo la duka. Kwingine mama alilipa mara kadhaa zaidi. Raia walikasirika. Wapinzani walibeba vitunguu vya majani katika kampeni, mpaka tume ya uchaguzi ikakataza watu kuingia navyo katika vituo vya kura. Tarehe 10 mwezi wa 4, chama cha raisi kilishindwa vibaya katika uchaguzi wa wabunge.

Kitunguu peke yake hakikuangusha chama. Ila kilionyesha kwamba anayekwenda sokoni kila siku anajua bei kuliko anayepelekwa siku moja akiwa na wapiga picha. Na aliyekosa shamba, hata akiwa katika chumba kimoja, anaweza kuweka mizizi katika kopo lenye maji kidogo, akabadilisha maji hayo kila siku, na kukata majani ya mboga ya jioni bila kutoa pesa.