Mti Usiopandwa kwa Mbegu

Kabla sijawa mwuza miraa Eastleigh, Nairobi, nilikuwa mchimbaji wa miche. Kwetu ni Igembe, kwenye vilima vya Nyambene. Baba alinikabidhi jembe, tukawa tunazunguka miti mikongwe ya miraa tukitafuta machipukizi yaotayo shinani. Tulichimba yale yenye mizizi, tukayapunguza majani yasikauke, tukayapanda mvua za Novemba ziliposhika. Mbegu hatukushughulika nazo. Mti unaochunwa vilele kila mara haupati nafasi ya kuchanua, seuze kuzaa.

Thamani ya kazi ile niliielewa nilipohamia mjini miaka ya tisini. Magari ya kutoka mji wa Maua, kwetu Igembe, yalikuja mbio zaidi ya kilomita 250, mzigo umefungwa kwa majani ya mgomba usinyauke, kwani miraa ikipita siku mbili hivi tangu ichunwe huishiwa nguvu. Akina mama wa Kisomali walionunua kwangu hawakuanza na bei. Walianza na, "Hii ya wapi, walaal, ndugu yetu?" Kisha wangetafuna kijiti kimoja na kukata shauri.

Walikuwa na haki ya kuuliza. Mbegu huchanganya wazazi wawili, na hujui mtoto atafuata nani. Chipukizi halichanganyi: ni mti uleule unaoendelea kuishi mahali pengine. Udongo na mvua vina sehemu yao, lakini rangi ya kijiti na ladha yake hutoka kwa mama. Ndiyo maana miraa aina ya giza ina wateja wake, kangeta wake, na mbaine, ya miti mikongwe iitwayo kwa jina la rika la kale, ina bei yake.

Urithi huo hauchagui mazuri peke yake. Migomba iliyotupatia majani ya kufungia ilipandwa vivyo hivyo, na chipukizi la mgomba mgonjwa huhama na fukusi na minyoo ya mizizi. Nilipotaka kupanda ndizi upya nilikwenda Juja, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kununua miche iliyokuzwa kwenye chupa za maabara kutokana na kipande kidogo kisicho na wadudu.

Masoko ya miraa nayo yalitutikisa. Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014. Somalia ikaufunga mlango Machi 2020, ikaufungua Julai 2022. Kila mara wapo waliokata miti kwa hasira, na visiki vikachipua bila kumwuliza mtu.

Vijana wanaotaka kulima hunijia kibandani kuniuliza waanzie wapi. Nawaambia: usinunue mche kwa uzuri wa majani yake. Omba kuonyeshwa mama yake, umtazame wakati wa kiangazi, umwonje kama analiwa. Mwuzaji asiyeweza kukuonyesha mti mama, usimpe pesa zako.