Mmoja Anataka Injini, Mwingine Anataka Kimya

Msomaji, hivi umeshawahi kumkera mtu msimu mzima bila kujua kwamba unamkera? Tena si kwa ubaya. Wewe unaendelea na maisha yako, unacheka, unafurahi, halafu siku moja mwenzako analipuka na wewe unabaki mdomo wazi: "Sasa mimi nimefanya nini jamani?" Ugomvi wa aina hii tunaupata sana kwenye barua mnazotuandikia. Ila sikutegemea kuukuta milimani magharibi mwa Kanada, kwenye theluji inayokufika kifuani, tena kati ya watu ambao wengi wao hawajawahi hata kusalimiana.

Nilikwenda Februari kumtembelea dada yangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi na mumewe mjini Calgary, jimbo la Alberta. Watu wa kwetu walioko kule wengi baridi wanaivumilia tu, wanahesabu miezi. Hawa wawili waliamua kuipenda. Tatizo ni kwamba kila mmoja ameipenda kivyake.

Shemeji ana pikipiki ya theluji. Usifikirie pikipiki hii ya bodaboda. Ni mtambo wenye injini kubwa, mkanda mpana wa raba unaozunguka nyuma mahali pa tairi, na skii mbili mbele za kukatia kona. Uzito wake unapita kilo 200. Fundi mmoja wa Quebec, Joseph-Armand Bombardier, ndiye aliyeingiza sokoni ile ya Ski-Doo mwaka 1959, na mwanzoni ilikuwa usafiri wa wamisionari na wawindaji wa kaskazini. Leo ni starehe ya gharama kubwa, na ukiiangalia inavyopanda mlima ulio wima kama ukuta, utaelewa kwa nini wanaume wazima wanaikopea benki.

Dada yeye anapanda mlima kwa miguu yake. Hakuna lifti wala kamba ya kumvuta. Chini ya skii unabandika mkanda wenye manyoya, unaoitwa ngozi mpaka leo kwa sababu zamani ulikuwa ngozi ya sili kweli. Manyoya yamelala upande mmoja: ukisukuma mbele inateleza, ukitaka kurudi nyuma inashika. Basi unapanda hivyo saa tatu, jasho linakutoka kwenye baridi ya chini ya sifuri, halafu unabandua ngozi na kuteremka kwa dakika chache kwenye theluji ambayo haijaguswa na mtu. Saa tatu kwa dakika chache! Nilimuuliza kama hesabu hiyo ameifanya vizuri. Akaniambia, "Mdogo wangu, nalipia kile kimya."

Jumatatu ya tatu ya Februari ni sikukuu ya familia kule, kwa hiyo wikiendi inakuwa ndefu. Tukaondoka Calgary kuelekea Revelstoke, mji mdogo wa jimbo jirani la British Columbia, kama kilomita 400 hivi. Njia nzima ni magari yenye namba za Alberta yanavuta matela ya pikipiki za theluji. Wenyeji wa British Columbia wanazijua namba hizo, na si wote wanaozifurahia, ingawa hoteli, vituo vya mafuta na migahawa inazisubiri kwa hamu.

Jumamosi tukagawana. Dada alikuwa amelipia siku moja na kampuni ndogo inayoongoza watu wa skii milimani: mwongozaji mmoja, wageni watano. Mimi shemeji akanikodia pikipiki ya viti viwili, tukapanda Boulder Mountain, ambako chama cha waendesha pikipiki kinasawazisha njia kwa mashine na kila anayeingia analipa. Sitawadanganya, nilifurahi sana. Kasi ile, ule upepo, miti iliyovikwa theluji mpaka inaonekana kama watu waliojifunika mashuka. Kwenye kibanda cha kupumzikia watu wanagawana soseji na stori. Siku nzima hakuna mtu wa skii aliyenikera hata kidogo. Naomba ulikumbuke hilo, nitalirudia.

Jioni dada alirudi amenuna. Walikuwa wamepanda saa mbili na nusu kwenye bonde lingine kabisa, mbele yao bakuli la theluji safi, mara wakasikia ngurumo. Pikipiki nne zikatokea upande wa pili wa mgongo wa mlima na kuanza ule mchezo wao: unapandisha mteremko mpaka injini ichoke, unageuza, mshindi ni yule aliyeacha alama juu zaidi. Mwongozaji hakusubiri. Akawageuza wageni wote, siku ikaishia hapo. Fedha imelipwa, miguu imechoka, kuteremka hakuna.

Ungedhani mwongozaji alikasirika kwa sababu ya kelele. La hasha. Mteremko ule ulikuwa juu ya vichwa vya wageni wake. Tabaka la theluji likiwa limelegea ndani, uzito wa mashine moja unaweza kulikata, na kinachoshuka hakichagui. Haya si ya kutishiana. Januari 20, 2003, karibu na Revelstoke hiyohiyo, maporomoko yalifukia watu 13 wa skii waliokuwa na waongozaji wao, 7 wakafa, akiwemo Craig Kelly, bingwa wa ubao wa theluji aliyekuwa anasomea uongozaji. Desemba 28, 2008, karibu na Fernie, walikufa waendesha pikipiki 8 katika kundi la watu 11. Na Machi 13, 2010, palepale Boulder Mountain nilipokula soseji, maporomoko yaliwakuta watu wengi waliokusanyika kutazama pikipiki zikishindana kupanda. Wawili wakafa, na majeruhi wakawa wengi.

Sasa utauliza, kwani kampuni si imelipia lile bonde? Imelipia. Lakini karibu asilimia 94 ya ardhi ya British Columbia ni ya umma. Kampuni inailipa serikali ya jimbo ili iruhusiwe kufanya biashara pale, si ili ifunge geti. Mwenye pikipiki ni mwananchi, anaingia bila kumuuliza mtu, isipokuwa pale palipofungwa kisheria. Kwa hiyo yule mama mwongozaji amekata leseni, amelipa bima, amesomea kazi yake kwa miaka, na bidhaa anayouza ni theluji safi na kimya. Bidhaa hiyo mtu mwingine anaimaliza kwa nusu saa bila kuvunja sheria yoyote.

Usiku pale motelini nilishuhudia kitu. Dada anaeleza, shemeji anasikiliza kwa upole kabisa, halafu anasema, "Lakini mke wangu, siyo sisi." Ni kweli hakuwa yeye. "Halafu," akaongeza, "mlima ni mkubwa. Sisi watu wa skii hawatusumbui hata siku moja. Kwa nini tusishirikiane tu?" Dada akainuka, akaingia bafuni, akafungua maji.

Mimi nilisomea mawasiliano chuo kikuu, na kitu kimoja kilinirudia kichwani. Mwaka 1982 watafiti wawili, Jackson na Wong, walichapisha utafiti kuhusu watu wa skii na watu wa pikipiki za theluji wa Alberta hiyohiyo. Walichokiona ni kwamba kero haikwenda sawa pande zote mbili. Watu wa skii walikerwa sana na pikipiki. Watu wa pikipiki hawakukerwa kwa kiasi hicho na skii. Ni ugomvi wa upande mmoja. Ndiyo maana siku yangu ya Boulder ilikuwa tamu bila doa. Mwenye injini hasikii skii. Mwenye skii anaisikia injini ikiwa bado bonde la pili, na harufu ya moshi wa mafuta inamfikia kabla hajaiona.

Ukishaelewa hapo, lile neno "tushirikiane" linageuka sura. Linasikika la kiungwana, lakini angalia nani analisema kwa urahisi. Anayelisema ni yule asiyepoteza kitu. Mkiachiwa bonde moja wote, bila mpaka, baada ya wiki mbili litakuwa la pikipiki tu, na hakuna aliyefukuzwa. Watu wa skii wataacha kuja, basi. Halafu mwenye pikipiki atasema kwa moyo mweupe kabisa, "Mbona hawapo hata huku?" Wangapi kati yetu tumeacha kukaa sebuleni kwetu kwa sababu ya televisheni ya mtu, naye akadhani tunapenda kulala mapema?

Hata hivyo shemeji naye ana lake, na nilimpa nafasi aliseme tukiwa njiani kununua piza. Ramani yake kila mwaka inapungua. Hifadhi za taifa za Glacier na Mount Revelstoke haziruhusu pikipiki yake kabisa, wakati watu wa skii wana Rogers Pass nzima, ukiacha siku zile ambazo jeshi linafyatua mizinga kuangusha theluji juu ya barabara kuu. Kisha kuna karibu, wale paa wakubwa wenye pembe, ambao msimu wa baridi wanakaa juu milimani wakila kuvu za kwenye miti. Njia ngumu zinazoachwa na pikipiki zinawarahisishia mbwa mwitu kuwafikia, kwa hiyo mwaka 2009 serikali ya jimbo ilifungia pikipiki maeneo makubwa. Na hali ya wanyama hao si ya mzaha: Januari 2019 jike la mwisho la kundi la Selkirk Kusini lilikamatwa na kupelekwa kwenye zizi karibu na Revelstoke. Shemeji hapingi hilo. Anachosema ni, "Kila wakikaa mezani, mimi ndiye ninayekatwa. Sasa hata bonde ambalo halina karibu nalo niache?" Ukiwa mkweli, unaona uchungu wake.

Wako waliojaribu kukaa mezani kweli. Golden, mji tuliopita njiani, mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwaketisha wa helikopta, wa pikipiki, wenye vibanda vya skii na wa mazingira, wakachora mpango wa bonde kwa bonde, nani aende wapi. Kule Colorado, Marekani, eneo la Vail Pass lenye kama hekta 22,000 limegawanywa vivyo hivyo: kuna upande wa injini, upande usio na injini, na sehemu ambako mtu wa skii anaruhusiwa kuvutwa na pikipiki mpaka juu halafu anateremka mwenyewe. Wote wanalipa kiingilio kimoja. Sidhani kama watu wa huko wanapendana kuliko wa Revelstoke. Wana mstari tu, na kila mmoja anajua kabla hajatoka nyumbani siku yake itakuwa ya namna gani. Kwa mfanyabiashara wa skii hilo ndilo la maana, maana hawezi kumuuzia mgeni siku ya Machi kama hajui nani ataamkia bonde lake.

Na mstari usiwe nusu kwa nusu. Hapa najua baadhi yenu mtanibishia. Pikipiki inafika mbali kwa dakika kumi. Mtu wa skii anaweza kupanda kilima kimoja au viwili kwa siku. Yale mabonde ya karibu na barabara, yanayofikika kwa miguu, mpe asiye na injini. Mwenye injini apite kwenye njia moja iliyosawazishwa, bila kusimama, aende zake ndani zaidi.

Ila msitengane mkasahauliana, kwa sababu aliyefukiwa na theluji akitolewa ndani ya dakika 10 ana nafasi kubwa ya kuishi. Ikifika nusu saa, nafasi hiyo imeporomoka vibaya. Hakuna helikopta inayofika kwa dakika 10. Anayefika ni yule aliyeko bonde la pili, mwenye redio, koleo na kifaa cha kunasa mawimbi. Mara nyingi ni jamaa wa pikipiki, kwa sababu ndiye mwenye kasi. Yule mama mwongozaji, pamoja na hasira zake zote, ana namba za simu za watu kadhaa wa chama cha pikipiki na anasalimiana nao dukani.

Msimu huu dada na shemeji wana utaratibu. Ijumaa jioni wanafungua pamoja taarifa ya hatari ya maporomoko ya Avalanche Canada, kisha ramani, na kila mmoja anasema kwa sauti anakwenda wapi. Shemeji amekata mwenyewe kwamba lile bonde la dada hatakanyaga, ingawa sheria inamruhusu. Akawaomba na wenzake watatu anaotembea nao. Wawili wamekubali. Wa tatu amecheka, akasema mlima ni wa umma, na kisheria yuko sahihi.