Kambale wa Mama Mdogo

Najua nimepotea wiki mbili, lawama nimezipokea. UE zimekaribia na usingizi umekuwa bidhaa adimu hapa hosteli. Ila leo lazima niandike, maana Jumamosi samaki nusura anikosanishe na mama mdogo.

Mama mdogo anakaa Tengeru. Mwaka jana aliuza mtamba wake, akachimba bwawa nyuma ya migomba, maji anayavuta kwenye mfereji unaoshuka kutoka Meru. Akaja jamaa mmoja akamuuzia vifaranga vya "kambale wa Asia, yule anayetembea", bei mara mbili ya wa kawaida, eti miezi sita tu wanafika kilo. Huu ni mwezi wa nane na mkubwa wao hafiki hata nusu kilo. Akanipigia: "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya viumbe? Njoo uniambie hawa ni nani."

Basi bwana, nikaenda na lenzi ya mkono na kipimajoto. Kwa kuangalia juu juu, kambale hawa ni ndugu: hawana magamba, sharubu jozi nne, pezi la mgongoni refu mpaka karibu na mkia. Yule wa Asia, Clarias batrachus, alielezwa na Linnaeus mwaka 1758. Wetu, Clarias gariepinus, alielezwa na Burchell mwaka 1822, na jina limetoka kwenye mto Gariep wa Afrika Kusini. Wote wanapumua hewa, wote wanaweza kujikokota nje ya maji. Kwa hiyo kutembea sio ushahidi wa chochote.

Jibu liko kwenye matamvua. Mama mdogo akamfungua mmoja mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Kwenye tao la kwanza kuna vichujio vilivyopangana kama meno ya kitana. Batrachus anavyo vichache. Gariepinus anavyo vingi na vyembamba, kuanzia 24 mpaka 110. Nikahesabu mara tatu: 47, 49, 48. Hehehe, macho ya UE hayo! Lakini hata nikikosea kwa viwili, jibu ni lile lile.

Hapo ulimi ukawa mzito. Nikafikiria kumwambia "ni mchanganyiko" ili yaishe. Nikashindwa. "Mama, hawa ni kambale wetu wa kawaida." Akanyamaza, akaosha kisu taratibu. "Kwa hiyo mtamba wangu umekwenda hivyo hivyo."

Nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 19, saa nne asubuhi. Kambale anapenda maji ya nyuzi 25 mpaka 30, na mfereji ulikuwa unapita bwawani usiku na mchana. Tukauziba, tukaacha maji yakae juani, tukakata migomba miwili iliyoziba jua. Atakuwa anaongeza tu yanayopungua.

Tena afadhali ni wetu. Masika bwawa likifurika, mkondo unaishia Kikuletwa, na huko mgeni kutoka Asia angekuwa tatizo la watu wengi.

Yule tuliyempasua tulimla na ndizi. Mtamu sana! Wakati naondoka mama mdogo akasema, "Afadhali umeniambia. Ningemwagiza tena wiki ijayo."

Nyie mngesema ukweli au mngeuma maneno? Haya, tukutane maktaba.